Tumwage Zege Wenyewe, Lakini kwa Kipimo

Katika Visiwa vya Unguja na Pemba nyumba ndiyo akiba ya kwanza ya mwananchi wa kawaida. Mchumaji wa karafuu wa Pemba, mvuvi wa Nungwi, mwalimu wa skuli, mchuuzi wa Darajani na kijana aliyekwenda kutafuta riziki Maskati, wote hao wakipata cha ziada hufikiri kiwanja, na wakishapata kiwanja hufikiri msingi. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 1,303,569. Sensa ya 2022 ikatuhesabu watu 1,889,773. Kwa miaka 10 tumeongezeka watu karibu laki sita, na ardhi yetu haikuongezeka hata hatua moja. Watu hao hawana budi wapate pa kulala, na wengi wao watalala katika nyumba walizojijengea wenyewe, kidogo kidogo, bila ya mkopo wa benki na bila ya mkandarasi.

Ndiyo maana leo tunapenda kulizungumza jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana ni la mafundi peke yao: kuta za msingi za zege, na desturi ya mwenye nyumba kuzimwaga mwenyewe pamoja na jamaa na majirani zake. Zamani msingi wa nyumba zetu ulikuwa wa mawe na udongo, kisha ukawa wa mawe na chokaa, kisha wa matofali ya saruji. Sasa wapo wanaofunga mbao pande mbili, wakasimamisha nondo katikati na kumimina zege mpaka ukuta ukawa kipande kimoja kutoka kona hadi kona.

Juu ya desturi hii zinasikika kauli mbili. Kauli ya kwanza ni ya baadhi ya watendaji, wasemao kuwa zege si kazi ya mtu asiyesomea, na kwa hivyo mwananchi azuiliwe asilimwage ila kwa mkono wa mkandarasi. Kauli ya pili ni ya baadhi ya wananchi, wasemao kuwa kiwanja ni chao, fedha ni zao, na babu zetu walijenga bila ya mhandisi wala mkaguzi. Sisi hatuiungi mkono hata moja kati ya kauli hizi. Tunasema mwananchi ana haki na uwezo wa kumwaga zege la msingi wake. Na tunasema vile vile kuwa haki hiyo ina masharti yake, na baadhi ya masharti hayo yamo mikononi mwa Serikali yenyewe.

Kwanza ifahamike kwa nini ukuta wa msingi unastahili kuzungumzwa peke yake. Bati likitoboka hubadilishwa. Mlango ukiliwa na mchwa huchongwa mwengine. Hata ukuta wa chumba ukipasuka huweza kubomolewa nyumba ikiwa imesimama. Ukuta wa msingi umefukiwa, umebeba kila kilicho juu yake, na kosa lake halionekani mpaka limeshapanda ukutani. Wahenga walituambia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa msingi hukumu ni nzito zaidi, kwani ufa unaotoka chini huzibwa leo ukarudi kesho, na mwenye nyumba atapiga plasta kila mwaka ilhali nyumba inaendelea kutengana.

Pili, ifahamike kuwa ardhi yetu si ya namna moja. Wazee wa kilimo waliipa majina kwa hekima kubwa, na majina hayo yanamfaa mjenzi kama yanavyomfaa mkulima. Uwanda wa Makunduchi, Jambiani na Paje ni mwamba wa matumbawe wenye udongo mchache juu yake. Huko aghalabu msingi wa mawe na saruji watosha, na kumwaga kuta za zege ni kutupa fedha. Jambo la kuogopwa ni pango lililojificha chini ya mwamba, na dawa yake ni kugonga kwa mtaimbo kila hatua ya handaki na kusikiliza sauti. Kichanga hubeba vizuri kikikaa kikavu na kikazuiliwa kisichukuliwe na maji. Kinongo, ule udongo mwekundu, ni rafiki wa mjenzi. Kinamo ndicho adui: wakati wa masika hunywa maji kikavimba, wakati wa kiangazi hukauka kikapasuka, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka pamoja nacho. Juu ya kinamo, na katika mabonde ambamo maji ya mvua hutuama, ukuta wa zege uliofungwa kwa nondo una faida ya kweli, kwa kuwa hufanya kazi kama mkanda mmoja unaoizunguka nyumba nzima. Hali kadhalika miteremko ya Mkoani, Chake Chake na Wete, ambako upande mmoja wa msingi huwa mfupi na wa pili mrefu.

Kwa hivyo swali la mwanzo la mwananchi lisiwe mifuko mingapi, bali liwe: nimesimama juu ya udongo gani, na maji ya masika yanapita wapi? Mvua za 2017 ziliwafundisha wengi katika visiwa vyetu kuwa njia ya maji ina kumbukumbu ndefu kuliko hati ya kiwanja. Aliyejenga katika njia hiyo hatasalimishwa na zege la aina yoyote.

Tatu, tuje kwenye mchanga, maana hapa ndipo zinapokutana lawama za mwananchi na za mtendaji. Mchanga mzuri wa ujenzi katika visiwa hivi ni mali inayokwisha. Ni maliasili isiyorejesheka, na tayari yapo mashimo makubwa katika Mkoa wa Kaskazini Unguja mahali palipokuwa na minazi na mihogo. Kwa ajili hiyo Serikali imeuweka uchimbaji wake chini ya vibali, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya 2015 imeweka wazi kuwa mazingira ni dhamana ya wote. Lakini mchanga ukiadimika na bei ikipanda, mtu mwenye haraka hutupa macho pwani. Usiku huja gari ya ng'ombe ufukweni, na asubuhi mchanga wa bahari unakuwa ndani ya msingi wa mtu.

Hasara yake ni mara mbili. Ufukwe unaochukuliwa mchanga hupoteza kinga yake. Bahari husogea, minazi huanguka na madau hukosa pa kupumzika. Na nyumba yenyewe huwa imetiwa sumu kabla haijasimama. Chumvi ya bahari ikiwa ndani ya zege huishambulia nondo. Nondo hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo. Ikikosa pa kwenda, huipasua zege kutoka ndani. Mwenye nyumba huona mstari wa rangi ya kahawia, kisha ufa, kisha zege inabanduka kama ganda la mti, na chuma kinabaki kikiwa kimeliwa. Na anayechanganya zege kwa maji ya kisima cha chumvi kilicho karibu na pwani ametenda jambo lile lile kwa njia nyengine. Mchanga na maji yasiyonyweka yasiingie katika zege lenye nondo. Hiyo iwe kanuni ya kila nyumba.

Wapo watakaosema kuwa majumba ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya bahari na yamesimama zaidi ya miaka 100. Ni kweli, na sababu yake ni rahisi. Waashi wa zamani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kupita kiasi tulichozoea leo, na sakafu zao zikabebwa na boriti za mikoko. Ndani ya kuta hizo hakukuwa na chuma cha kuliwa. Na babu zetu hawakujenga kwa kubahatisha: walikuwa na kipimo cha chokaa, muda wa kuiacha ikapoa na ikakomaa, na fundi mkuu ambaye neno lake lilikuwa sheria. Anayewataja wazee kuwa ushahidi wa kujenga bila ya elimu amewadhulumu wazee. Na kuta zao nazo zahitaji kutunzwa. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 wakati ikifanyiwa ukarabati, na watu wawili walipoteza maisha. Hakuna jengo lisilochoka.

Ng'ambo ya maji, Dar es Salaam, ndugu zetu wamelia mara mbili katika kumbukumbu za karibu. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya mji lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa jengine lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Hatusemi kuwa nyumba ya vyumba vitatu ya Mwera ni sawa na ghorofa la Kariakoo, wala sisi si mahakama. Tunasema kuwa zege halimjui tajiri wala maskini, na kwamba katika nyumba ndogo msiba huwa mdogo wa kutangazwa tu. Kwa aliyefikwa ni msiba kamili.

Sasa tuseme kwa uwazi kipimo chenyewe, kwa kuwa kumwambia mwananchi afuate vipimo bila ya kumpa vipimo ni maneno matupu.

Zege la kuta za msingi zenye nondo huchanganywa kwa sehemu 1 ya saruji, sehemu 2 za mchanga na sehemu 4 za kokoto. Zege la chini ya handaki, lisilokuwa na nondo, laweza kuwa sehemu 1 kwa 3 kwa 6. Sehemu hizi zipimwe kwa chombo kimoja. Chepe si kipimo: chepe la asubuhi si chepe la adhuhuri, na chepe la kijana si chepe la mzee. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Fundi wa mbao akitengeneza sanduku lisilo na kitako, urefu wake sentimita 40, upana 35 na kina 25, amepata sanduku linalolingana na mfuko mmoja barabara. Masanduku 2 ya mchanga, masanduku 4 ya kokoto, mfuko mmoja wa saruji. Hata mtoto wa skuli aweza kusimama pembeni na kuhesabu.

Maji ndiyo fitina kubwa. Mfuko mmoja hutosheka kwa karibu lita 25, na mchanga ukiwa na unyevu maji hupungua zaidi. Vibarua hupenda zege jepesi lenye kutiririka kwa sababu halichoshi mikono. Lakini mfuko mmoja ukizidishiwa lita 10 tu, zege hupoteza theluthi ya nguvu zake na zaidi. Maji ya ziada hayabaki ndani yakafanya kazi. Hutoka yakaacha vijitundu, na vijitundu hivyo ndivyo vinavyopitisha unyevu na chumvi. Mwenye nyumba anayenunua saruji nzuri kisha akaruhusu maji yamiminwe kwa ndoo bila ya hesabu, amenunua nguvu akaimwaga mchangani.

Mchanga nao upimwe. Mtu atie mchanga katika chupa hadi nusu, aongeze maji, atikise kwa nguvu, kisha aiache chupa kwa muda wa saa tatu. Mchanga hutua chini na matope hukaa juu yake. Tabaka la matope likizidi sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo cha mchanga, mchanga huo uoshwe au urudishwe ulikotoka. Jaribio hili halihitaji fedha wala shahada.

Tuchukue mfano wa nyumba ya mita 10 kwa 8, ambayo kuta zake za msingi, za nje na za ndani, zina jumla ya urefu wa mita 50. Ukuta ukiwa na unene wa sentimita 20 na kimo cha mita 1, zege linalohitajika ni mita za ujazo 10. Hizo ni mifuko ya saruji karibu 65, na uzito wa tani 24. Chini yake, handaki likimwagwa zege la upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 20, hizo ni mita za ujazo 6 nyengine, na mifuko karibu 27. Mwananchi akiziona hesabu hizi kabla ya kuanza, atajua kama mfuko wake wa fedha unamudu ukuta wa zege au matofali yaliyo mazuri. Hakuna aibu kuchagua matofali. Ukuta wa matofali uliojengwa vyema ni bora kuliko ukuta wa zege uliomwagwa vibaya, maana tofali bovu laonekana na hukataliwa, ilhali zege bovu likishaganda limeshakuwa nyumba.

Boksi la mbao lifungwe kwa heshima ya uzito huo. Zege bichi husukuma pembeni kama maji mazito. Katika kina cha mita 1 husukuma mbao kwa nguvu ya karibu tani mbili na nusu kwa kila mita mraba. Boksi lililofungwa kwa kamba na misumari michache hufumuka, na kazi ya siku nzima humwagika handakini. Kwa hivyo zege limiminwe kwa matabaka ya kama sentimita 30 au 40 kuzunguka nyumba yote, kila tabaka lishindiliwe kwa fimbo ya chuma mpaka hewa itoke, na tabaka la pili lifike kabla la kwanza halijakaza. Nondo ziachiwe nafasi ya sentimita 5 kutoka upande wa mbao kwa kuwekewa vitofali vidogo vya zege, wala zisiegemee ubao, kwani nondo iliyo karibu na udongo ni nondo iliyokwisha kuliwa. Zege lililokwisha kutiwa maji litumike ndani ya saa moja. Likianza kukaza lisitiwe maji mengine kulifufua.

Hapa ndipo inapofaa kuutazama upya ule msemo wetu wa haba na haba. Katika kukusanya fedha msemo huu ni hekima. Katika kumwaga ukuta ni hatari, kwa sababu ukuta unaomwagwa leo kipande na wiki ijayo kipande una mshono kila mahali ulipopumzika, na maji huupata mshono huo kabla ya jicho. Ni hatari pia katika kuweka saruji. Wako wananchi wanaonunua mifuko mitatu mwezi huu na minne mwezi ujao, wakaipanga chumbani mwaka mzima. Saruji huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya visiwa vyetu haina ukavu. Ikipita miezi mitatu huwa imeanza kupoteza nguvu, na ikishafanya mabonge yasiyovunjika kwa vidole haifai kwa zege la msingi. Iwekwe akiba ya fedha. Saruji inunuliwe wiki ya kazi, iwekwe juu ya mbao na mbali na ukuta.

Na baada ya kumwaga, kazi haijesha. Zege haligandi kwa kukauka. Saruji na maji hushikana, na ushikano huo wataka maji yawepo. Ukuta uliofunguliwa boksi ukaachwa katika jua la kaskazi ni kama mtoto aliyeachishwa ziwa siku ya kwanza. Ufunikwe magunia, umwagiwe maji asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku 7 zisizopungua. Nguvu zake za kupimwa hutimia siku ya 28. Kifusi kisirudishwe haraka, na kikirudishwa kijazwe pande zote mbili kwa usawa ili udongo usiusukume ukuta upande mmoja. Ukuta wa kuzuia udongo upande mmoja tu, kwenye mteremko, ukipita kimo cha mita 1, hiyo si kazi ya mwenye nyumba tena. Ni lazima mchoro wake utoke kwa mhandisi.

Mwananchi atasema: yote haya ni mazuri, lakini nani atanisaidia? Swali hili ni la haki, na jawabu lake tunalielekeza kwa waheshimiwa watendaji wetu.

Kwanza, mchanga unaouzwa kwa kibali uwe mchanga uliopimwa. Haifai Serikali imkataze mwananchi mchanga wa pwani kisha machimbo yenye kibali yamuuzie mchanga wenye matope. Mwenye kumuuzia mtu kitu kwa jina la kitu chengine amepunja kipimo, na sote tuliopita chuoni tulifundishwa tangu utotoni hukumu ya wenye kupunja.

Pili, mkaguzi aende kwenye handaki. Kibali cha ujenzi kinachotolewa mezani na kupigwa muhuri bila ya mtu kukiona kiwanja hakimlindi mtu yeyote. Muhuri haubebi nyumba. Ziara mbili zatosha kwa nyumba ndogo: moja handaki likiwa wazi, na ya pili nondo na maboksi yakiwa tayari, kabla tone la zege halijamwagwa. Mkaguzi anayekuja ukuta ukiwa umeshafukiwa amekuja kutoza faini tu.

Tatu, vyuo vyetu vya mafunzo ya amali, kama vile vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, vitoe mafunzo mafupi ya zege kwa waashi wa shehia. Mwashi aliyejenga miaka 20 hahitaji miaka mitatu ya darasa. Anahitaji siku chache za kuona kwa macho yake vipande viwili vya zege, kimoja cha lita 25 na kimoja cha lita 35, vikivunjwa mbele yake. Hatasahau.

Nne, na hili ndilo tunalolisisitiza zaidi, zana ziwe za pamoja. Mbao za boksi ni ghali kwa mtu anayezitumia mara moja maishani mwake, na ndiyo maana watu hufunga boksi dhaifu. Shehia yenye ushirika waweza kununua seti moja ya maboksi imara, mashine moja ya kuchanganyia na masanduku ya kupimia, ikawakodisha wanachama wake kwa bei ya matengenezo. Seti hiyo itajenga nyumba nyingi kabla haijachoka. Masheha na viongozi wa matawi wanaotafuta mradi wa maendeleo wa kuonekana kwa macho, mradi ndio huu.

Kumwaga mita za ujazo 10 kwa siku moja kunataka mikono mingi kwa wakati mmoja, na mikono hiyo tunayo. Wazee wetu, baada ya Mapinduzi ya 1964, walitoka kwenda kujitolea katika ujenzi wa majumba ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki chini ya uongozi wa Mzee Abeid Amani Karume. Katika mashamba yetu msaragambo ulifyeka njia na kujenga madarasa. Siku ya kumwaga zege ni siku ya msaragambo kwa asili yake: mmoja anapima, mmoja anahesabu, wengine wanachanganya, wengine wanabeba makarai, wengine wanashindilia, na wanawake na wanaume wa mtaa wanashughulikia maji na chakula. Leo kwa Juma, mwezi ujao kwa Mwanakhamis. Ada yake iwe moja: anayesimamia kipimo asitiwe haraka na mtu yeyote, hata mwenye nyumba.

Kwa wale watendaji wanaotaka kupiga marufuku, tunawaomba watafakari. Marufuku haitaongeza wakandarasi vijijini wala haitampa mvuvi fedha za kuwalipa. Itafanya zege limwagwe usiku, kwa taa ya mkono, bila ya kipimo na bila ya shahidi. Sheria njema ni ile inayomleta mwananchi karibu na mjuzi, na sheria mbaya humfanya amkimbie.

Na kwa wananchi wenzetu tunasema: kumbukeni kuwa nyumba mnayoijenga mtawaachia watoto. Warithi hugawana vyumba, bustani na minazi. Msingi hawaugawani, wanaurithi wote kwa pamoja pamoja na makosa yake. Masika yajayo hayatauliza nani alikuwa na haraka na nani alikosa mchanga.

Tunatoa wito basi kwa kila shehia ya Unguja na Pemba ifanye mambo matatu kabla ya kiangazi kijacho cha ujenzi: iwe na sanduku la kupimia, iwe na mwashi mmoja aliyefunzwa, na iwe na daftari la sheha linaloandikwa tarehe ya kila msingi uliomwagwa, udongo wake, mchanga wake ulikotoka na jina la aliyesimamia kipimo. Hayo hayahitaji mfadhili kutoka nje wala kamati ya kuchunguza. Yanahitaji ubao, misumari, kalamu na watu waaminifu, na hivyo vyote tunavyo.